Neno "Idle" na Mtu Aliyekaa Bila Jembe

Mjukuu wangu Kemunto amemaliza chuo, na kwa sasa tunakaa naye hapa nyumbani karibu na Ekerenyo akingoja kazi. Wiki iliyopita alikuwa jikoni anapasha chai, simu ameibana begani, akimwambia rafiki yake, "Wewe kuja tu, mimi niko idle siku yote." Mimi nilikuwa mezani. Nikaweka kikombe chini.

Alipokata simu aliniuliza, "Sokoro, kwani nimesema nini?"

Sokoro kwetu ni babu. Nilimwambia hakusema kitu kibaya, ila mimi nina kesi na neno hilo.

"Kesi gani tena, na ulishastaafu?"

Nilimwahidi kwamba nitamwandikia, kwa sababu kulisema kwa mdomo kumenishinda. Basi haya namwandikia yeye, na pia ninyi vijana mnaoajiriwa kuwa wakalimani mahakamani, kazi niliyoifanya hadi nywele zikawa nyeupe. Ninamshukuru Mungu aliyenipa kazi hiyo, ikawalisha na kuwasomesha wanangu. Lakini shukrani haifuti makosa, na kosa moja nataka mlijue mapema, kabla hamjalifanya.

Wengi hudhani mkalimani ni mtu anayejua lugha tatu. Lugha tatu hata mama anayeuza ndizi soko la Daraja Mbili anazo, na hesabu juu yake. Kazi yenyewe ni kusimama kati ya kizimba na meza ya hakimu, ukachukua maneno ya mtu aliyejaa hofu na kuyafikisha upande wa pili yakiwa mazima. Aliyenifundisha hivyo ni Mzee Obara, mkalimani mkuu nilipoingia kazini. Alikuwa Mkatoliki, mimi Msabato, na hatukuacha kutaniana. Ijumaa alikuwa akiniambia niharakishe kabla jua halijazama, nami namkumbusha kwamba yeye ana Jumapili ya kulala. Lakini katika kazi hakuwa na utani. Alisema maneno ya mshtakiwa ni mtungi wa watu: wewe umepewa kuubeba tu, usinywe njiani.

Siku zangu za kwanza nilikunywa sana. Kulikuwa na omong'ina mmoja, bibi kizee wa kesi ya mpaka, ambaye hakutaka kuzungumza na hakimu hata kidogo. Kwake mimi ndiye niliyekuwa hakimu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemsikia. Akanieleza habari za ua wa miti, nani aliupanda na nani aliung'oa, akanikemea kwamba watu wa ukoo wangu nao wana tabia ya kusogeza mipaka. Nilipofika kwa hakimu, sehemu hiyo ya ukoo wangu niliiacha. Mzee Obara alikuwa nyuma amekaa. Mapumziko yalipofika alinivuta kando akasema, "Makori, yule mama amekutukana vizuri sana, na hakimu hakupata kitu. Kesho rudisha tusi la watu."

Kesho yake nilisimama mbele ya hakimu nikasema kwamba jana shahidi alisema pia kuwa watu wa ukoo wa mkalimani ni wezi wa mipaka. Korti nzima ilicheka, hakimu akaandika, na omong'ina akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alijua sasa amesikika.

Neno idle nililikuta kwenye hati za mashtaka mwaka huohuo wa kwanza. Watu walikuwa wakikamatwa mitaani na vituoni, wanaletwa wanne watano kwa pamoja, na karatasi imeandikwa kwamba walikuwa idle. Nilimwomba Mzee Obara anipe neno lake moja la Ekegusii, lugha yetu, nilikariri. Alikataa. Alisema kwetu mvivu ana jina lake, na anayepumzika baada ya kupalilia ana jina lake. Anayekaa njiani akingoja mgeni si mvivu. Aliyetundika jembe kwa sababu kuna maiti haijazikwa si mvivu pia, na akilima siku hiyo ndipo watu watamshangaa. "Mwingereza amewatia wote katika gunia moja," alisema. "Ukiletewa gunia, lifungue kwanza uone nani yumo."

Nilienda kutazama kamusi. Humo nilikuta kwamba hata injini inayonguruma wakati gari limesimama huitwa hivyo, na shamba ambalo halijalimwa, na maneno ya porojo. Nilifurahi nikadhani nimelimaliza neno. Kumbe kulijua neno ni jambo moja, na kumpa mtu nafasi ya kulijibu ni jambo lingine.

Msidhani sikuwahi kuifanya kazi hii vizuri. Wakati mmoja mzee fulani aliulizwa kizimbani kama aliingia nyumba ya mwanawe akaona mali iliyosemekana kuibwa. Mzee akanyamaza. Akaulizwa tena, akainamisha kichwa. Mwendesha mashtaka akasema shahidi anaficha jambo. Niliomba ruhusa nikamweleza hakimu, mama mmoja mtulivu aliyetoka sehemu nyingine ya nchi, kwamba kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na kumuuliza swali hilo mbele ya mwanawe na mkaza mwana ni kumvua nguo. Hakimu alinishukuru, akawatoa wale wawili nje, na swali likaulizwa kwa njia nyingine. Mzee alijibu vizuri kabisa. Jioni ile nilitembea nikijiona mtu.

Ninawaambia hilo ili muone kwamba nilijua. Sikukosa elimu.

Mzee Obara alistaafu, nami nikashika nafasi yake. Kazi ilikuwa nyingi. Kidogo kidogo nikajifunza njia za mkato. Hati ya hawa watu wa mitaani ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilisema mtu alikuwa idle mahali pa watu wote. Ya pili ilisema kwamba alipoulizwa, alishindwa kutoa maelezo ya maana juu ya nafsi yake. Kusoma sehemu zote mbili kwa Ekegusii kwa watu watano, na kumngoja kila mmoja ajibu, kulichukua muda mrefu. Nikabuni swali langu: "Ulikuwa umekaa pale bila kazi, ndiyo au siyo?" Nani atasema siyo? Alikuwa amekaa, na kazi mkononi hakuwa nayo. Kila mtu alijibu ndiyo, nami nikageuka kwa hakimu nikisema, "Anakubali, mheshimiwa." Wenzangu pale kortini, ambako sote tuliitwa makarani, waliniita Bwana Chapchap, na nilipenda jina hilo. Ninaona aibu kuandika kwamba nililipenda.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Mimi ni mzee wa kanisa, na jioni ile ilikuwa zamu ya nyumba yangu kufungua Sabato, waumini wakusanyike kwetu kabla jua halijatua. Mke wangu alikuwa ameshachemsha ndizi na kufagia ua. Nilikuwa na gari la kupanda na pikipiki ya kupanda baada ya gari, na ukutani saa ilikuwa inakwenda. Ndipo wakaletwa watu watano waliokamatwa Daraja Mbili siku iliyotangulia.

Wa nne alikuwa mtu wa makamo, jina lake Ombati, koti lake safi lakini limekunjamana kwa kulala nalo mahabusu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, akaomba kusomewa kwa Ekegusii. Nikamuuliza swali langu.

Alinitazama kama mtu aliyemwona ndugu. Akasema, "Ni kweli nilikuwa nimekaa, lakini kule nyumbani..."

Nilikuwa nimeshageuka. "Anakubali, mheshimiwa."

Nililisikia lile "lakini." Nataka mjue hivyo, nisije nikajificha. Masikio yangu yalikuwa mazima. Nyuma yangu alisema tena maneno mawili matatu, nikamwashiria kwa mkono anyamaze, jibu limetosha. Hakimu alimuuliza kama ana la kuongeza, na mimi, badala ya kulifikisha swali, nilimwambia Ombati kwa Ekegusii, "Sema asante." Akasema asante. Nikamwambia hakimu hana la kuongeza. Akahukumiwa siku kumi gerezani.

Niliwahi nyumbani. Jua lilikuwa bado juu ya kilima. Tuliimba, tukaomba, nikashukuru kwa ajili ya pumziko.

Siku kumi na mbili baadaye, nikiwa nje ya korti nanunua karanga, mtu aliniita jina langu. Alikuwa Ombati. Koti ni lilelile. Hakupandisha sauti. Hata alinisalimu kwanza, akaniuliza habari za nyumbani, nami nikajibu njema kabla sijamtambua. Kisha akanieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyekuwa amelipanga neno lake siku nyingi.

Mama yake alikuwa amefariki. Yeye ndiye kitinda mimba. Katika ukoo wao, kaburi la baba huanzwa na mwana wa kwanza, na kaburi la mama huanzwa na wa mwisho. Yeye ndiye wa kupiga jembe la kwanza, ndipo wengine wachimbe. Na tangu mama alipokata roho, jembe hakuligusa, kwa kuwa jembe lake la kwanza lilikuwa la kaburi lile. Watu wote wa kijiji walikuwa wameacha kulima. Alikuwa ameenda Daraja Mbili kumpokea dada yake anayetoka Mombasa, akakaa juu ya kreti penye ndizi tangu asubuhi. Basi lilichelewa. Askari walifika kabla ya basi. Simu yake ikabaki kwenye kituo cha polisi, imezimwa. Nyumbani walipata habari yuko wapi Jumatatu, na mazishi yalikuwa Jumatatu, wageni wameshafika na mhubiri amesimama. Kaka yake mkubwa alichukua jembe akaanza.

Alipomaliza aliniuliza swali moja. "Wewe ni mtu wa hapa. Unajua haya yote kuliko askari, kuliko hakimu. Kwa nini hukuniuliza nilikuwa nimekaa nikingoja nini?"

Nilikuwa na karanga mkononi. Nilimwambia pole. Akasema asante, kama nilivyomfundisha, akaenda zake.

Siku hiyohiyo nilienda ofisini kwa hakimu nikamweleza kila kitu, na hata lile neno nililolikata. Alivua miwani. Hakunigombeza. Alisema, "Bwana Makori, ungenipa lile lakini, ningemuuliza. Hilo tu lingetosha." Nimewahi kukemewa na watu wengi maishani, lakini hakuna kemeo linalonirudia kama hilo.

Tangu siku hiyo nilisoma hati zote nzima, sehemu ya kwanza na ya pili, Ijumaa na siku zote. Jina la Bwana Chapchap likafa. Nilichelewa Sabato mara kadhaa, na waumini wakanong'ona, na mke wangu akafungua ibada bila mimi. Katika kuwasikiliza wale watu mpaka mwisho nilijua waliokuwa wakikaa pale ni nani: kibarua aliyeambiwa arudi saa saba, msichana aliyemsindikiza mgonjwa hospitalini akakosa mahali pa kungojea, mwashi aliyekuwa amemaliza ukuta asubuhi ileile. Na wavivu pia walikuwemo, msije mkasema mzee huyu anawatetea wote. Mmoja alimwambia hakimu wazi kwamba yeye kazi haimpendi. Lakini naye alisema mwenyewe, mimi sikumsemea.

Katika mafundisho ya Sabato tunasoma habari za mwenye shamba aliyewakuta watu wamesimama sokoni mchana kutwa. Nimelifundisha somo hilo mara nyingi nikisisitiza ujira na neema. Siku hizi naliona jambo dogo lililotangulia ujira. Yule bwana, kabla ya kitu kingine chochote, aliwauliza kwa nini wamesimama, na akangoja jibu.

Ninyi mnaoingia sasa mna vifaa tusivyoviota. Kesi zinarekodiwa, washtakiwa wengine wanasikika kutoka gerezani kwenye runinga, na simu inakutafsiria neno kabla hujapepesa jicho. Kemunto aliniandikia idle kwenye simu yake, nayo ikatoa neno la Kiswahili papo hapo, moja tu. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Ndivyo nilivyokuwa mimi. Mzee Obara alikuwa akisema, ukiona mtu amejibu upesi, ujue wewe ndiwe uliyemuuliza upesi. Basi someni hati yote. Mtu akisema "lakini," simamisheni kila kitu, hata kama kuna saa ukutani, hata kama mnakwenda kuomba.

Nilikuwa nataka kumaliza hapo, lakini kuna sehemu nyingine.

Nilijua kwao Ombati ni wapi. Si mbali na kwangu, ni kuvuka bonde na kupanda kilima chenye mashamba ya chai upande wa pili. Kila mwezi nilijiambia nitaenda kumwomba msamaha nyumbani kwake, kama inavyotakiwa, si pole ya barabarani. Kila mwezi kulikuwa na sababu. Nikastaafu, sababu zikaisha, na bado sikwenda. Miaka mitatu ilipita. Nikitafuta mahali ambapo neno idle lilikaa sawasawa, bila kuonewa mtu, ni juu yangu katika miaka hiyo mitatu.

Jumanne moja asubuhi nilichukua fimbo nikaenda. Ombati alikuwa uani anakwangua matope kwenye gumboti. Alinitambua, akaniletea kiti, akamwita mkewe alete chai. Nilimwomba msamaha kabla ya chai kufika, nisije nikanywa chai ya mtu nikiwa bado na deni lake. Alisikiliza. Akasema ameshanisamehe kwa ajili ya Mungu, lakini lile jembe haliwezi kurudi nyuma, na hilo tulijue wote wawili.

Tukaenda upande wa kushoto wa nyumba, alikolala mama yake. Kaburi limesakafiwa vizuri. Tulikaa kwenye majani kando yake, watu wawili wazima, hatuna jembe wala panga, asubuhi ya kazi. Jirani alipita na mkungu wa ndizi kichwani akatusalimu, akatuuliza kama leo ni sikukuu.

Hapo ndipo nilipomuuliza, "Ombati, siku ile pale Daraja Mbili, ulikuwa umekaa ukingoja nini?"

Aliijua maana ya swali. Akaanza mwanzo, tangu mama alipougua kifua, na chai waliyouza ili atibiwe, na maneno ya mwisho ya mama, kwamba asifukiwe kabla Bosibori hajafika. Bosibori ndiye yule dada wa Mombasa. Akaniambia jambo ambalo nje ya korti hakuniambia: kwamba basi lilifika saa tisa alasiri, Bosibori akaenda palepale penye ndizi walipoahidiana, akaikuta kreti iko tupu. Akaikalia. Alimngoja kaka yake hadi giza likaingia, na askari walipita mara mbili wasimguse, kwa sababu alikuwa na sanduku.

Nilimsikiliza mpaka mwisho na sikufupisha neno. Nilijikuta nikiyapanga maneno yake kwa Kiingereza kichwani, sentensi kwa sentensi, kama vile hakimu yuko mbele yetu anangoja na kalamu. Lakini pale kulikuwa na kaburi tu.

Alipomaliza, naye akaniuliza. "Na wewe, karani, siku ile ulikuwa unakimbilia wapi?"

Nilimwambia ukweli. Ilikuwa Ijumaa, jua lilikuwa linashuka, na nilikuwa nawahi Sabato.

Ombati mwenyewe ni Msabato. Alitazama chini akang'oa jani moja lililoota penye ufa wa saruji, akalishika mkononi.

"Kumbe sote wawili," alisema, "tulikuwa tunataka tu kwenda nyumbani tukakae."